Mashabiki wa tenisi Arusha, turudishe utani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mashabiki wenzangu wa tenisi hapa mjini. Wapo watakaoshangaa kusikia kwamba Arusha ina mashabiki wa tenisi wa kutosha kugombana. Tupo: madereva wa watalii, vijana walioanza kwa kuokota mipira kwenye viwanja vya klabu, na walimu kama mimi tuliovutwa na Federer na Nadal tukiwatazama kwenye luninga za baa. Mimi ni shabiki lialia wa Novak Djokovic, na ninalisema mapema ili nisionekane mnafiki.

Juni 8, 2025, fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, kati ya Carlos Alcaraz na Jannik Sinner ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu, ikaisha usiku baada ya kuchezwa kwa muda wa saa 5 na dakika 29. Ni fainali ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Sinner alichukua seti mbili za kwanza, na katika seti ya nne alibakiza pointi moja tu awe bingwa. Nafasi hiyo aliipata mara tatu mfululizo, na zote Alcaraz akazizima. Nusu ya watu nilioketi nao Kaloleni hawakuona lolote. Walikuwa wanatukanana. Matusi yalianzia kwa wachezaji, yakaingia kwa mama za watu, yakaishia kwenye makabila, na mwisho mmoja akamwagiwa bia usoni. Majirani wawili wa mtaa mmoja hawasalimiani hadi leo kwa ajili ya Mhispania na Mtaliano ambao wenyewe wakimaliza mechi wanakumbatiana.

Kinachoniuma zaidi ni kushangilia maumivu. Januari mwaka huohuo Djokovic alishindwa kuendelea na nusu fainali ya mashindano ya Australia kule Melbourne baada ya seti moja, msuli wa mguu umechanika. Kule walimzomea akitoka uwanjani. Hapa kwetu ilikuwa asubuhi, nikakuta watu wanapeana mikono kama waliotoka harusini.

Wanaodhani hizi ni kelele tu nawaomba wamkumbuke Monica Seles. Aprili 30, 1993, akiwa na miaka 19 na ndiye namba moja duniani, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mapumziko uwanjani Hamburg. Mtu akatokea nyuma yake na kumchoma kisu mgongoni. Hakuwa mwizi wala hakuwa na ugomvi naye wowote. Alikuwa shabiki wa Steffi Graf, mpinzani mkubwa wa Seles, na alitaka Graf arudi kileleni. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka miwili. Seles alikaa nje ya uwanja zaidi ya miaka miwili. Kabla ya siku ile alikuwa na mataji makubwa 8; baada yake alipata moja tu, Australia 1996. Hakucheza tena Ujerumani.

Na Graf je? Alirudi namba moja kweli. Lakini katika mataji yake makubwa 22, sita aliyapata Seles akiwa nje, na hadi leo wanaoyahesabu hawakosi kuuliza ingekuwaje kama Seles angekuwepo. Graf hakufanya kosa lolote, tena alikwenda kumwona mwenzake hospitalini. Aliyelitia doa jina lake ni mtu aliyedai kumpenda kuliko wote.

Sisi hatujaanza jana kushindana. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936 zimelea utani wa jadi, na kabla yake ulikuwepo utani wa makabila, wenye masharti yake. Mtani anakusema usoni, wewe huruhusiwi kukasirika, na ukifiwa ndiye anayekuja kukufariji na kufanya kazi msibani. Ushabiki wetu wa tenisi hauna masharti hayo. Tumejifunzia kwenye simu, kwa watu wasiojuana, ambao hawatazikana.

Kuna na fedha. Mashirikisho ya tenisi yalipochunguza matusi waliyotumiwa wachezaji mtandaoni mwaka 2024, yalikuta kiasi cha asilimia 40 yametoka kwa watu waliobeti wakaliwa. Tuwe wakweli: kuna wanaomchukia mchezaji kwa sababu mkeka umechanika.

Nawaomba wenye baa na kumbi wanaotuonesha mechi hizi wafanye jambo moja. Atakayeshangilia jeraha au kumtukania mtu kabila lake aombwe kutoka, hata kama ndiye mnunuzi mkubwa wa siku hiyo. Wewe Mhariri nakuomba kurasa zako za michezo zitueleze tenisi yenyewe, jinsi servisi ya Sinner ilivyobadilika au kwa nini Alcaraz anadondosha mpira karibu na neti, badala ya picha za aliyeshindwa akilia. Na yule aliyemwaga bia ajue kwamba jirani yake bado anasubiri kuombwa radhi. Ni hatua chache tu kutoka mlango hadi mlango.

Mwalimu na mpenzi wa tenisi,
Kaloleni, Arusha