Ajira ya miezi minne

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Benki Kuu ilegeze mkono kwenye riba, bei zipande kidogo, vijana wapate ajira. Nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha hapa Soweto, Mbeya, na dawa hiyo nimeshaionja.

Kuna kipindi wateja walifululiza. Geti nililozoea kuuza laki nne likawa linatoka kwa laki nne na nusu, tena mteja habishani. Nikajiona nimepata. Nikaongeza vijana wawili, mmoja wa Uyole, mwingine ametoka Umalila, kwa posho ileile ya wenzao. Sikujua kwamba kila kitu mjini kilikuwa kinapanda, si mageti yangu tu. Niliporudi dukani kununua mabomba na vijiti vya kuchomelea, ile elfu hamsini ya juu yote ikabaki kaunta. Vijana nao si wajinga. Debe la mahindi wanalijua, kodi ya chumba wanaijua. Mwezi wa tatu wakanijia wote kwa pamoja: "Bosi, hii posho haifiki jioni." Nikaongeza. Mwezi wa nne nikawapunguza wale wawili.

Huo mchoro wa Phillips anaousifia msomaji mwenzangu haujasema zaidi ya hapo. Phillips, mchumi wa New Zealand aliyekuwa akifundisha London, mwaka 1958 alipanga takwimu za Uingereza za 1861 hadi 1957 akaona kwamba wasio na kazi wakiwa wachache, mishahara hupanda haraka. Wengine wakaugeuza kuwa duka: chagua, bei tulivu au ajira nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wachumi wa Marekani Milton Friedman na Edmund Phelps wakaonya kwamba nafuu hiyo ya ajira hudumu mpaka watu watakapozizoea bei mpya na kuziingiza katika madai yao. Miaka ya 1970 Marekani na Uingereza zikapata vyote viwili, bei juu na watu hawana kazi. Hata huku kwetu, mbolea ilipopanda mwaka 2022 hadi serikali ikaleta ruzuku, sikusikia mtu aliyeajiriwa kwa sababu ya bei ile.

Sisemi kuzuia bei hakuna maumivu. Benki Kuu ikipandisha riba ili kuzituliza bei, anayekopa kununua mashine huahirisha, na kijana wa kuishika mashine hiyo naye husubiri. Ila Benki Kuu ilipoanza kutumia riba yake ya kuongoza mabenki Januari 2024 kwa asilimia 5.5, kisha ikaifikisha 6 mwezi Aprili, sisi wa mikopo ya mtaani hatukushtuka. Tunalipa mara kadhaa ya hiyo.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Wale vijana niliowapunguza hawakumaliza hata wiki wamekaa. Wa Uyole anaendesha bodaboda ya mtu pale Kabwe, anapeleka hesabu kila jioni. Wa Umalila amerudi kwao kulima viazi. Karani wa takwimu akipita leo atawakuta wote wawili wana kazi. Sasa msomaji mwenzangu atuambie: huo ukosefu wa ajira anaotaka kuupunguza kwa kupandisha bei ya sembe, ataupimia wapi?

Mchomelea mageti,
Soweto, Mbeya