Ambulensi ipigwe picha na ndani

Mhariri,

Gari jipya la wagonjwa likikabidhiwa hapa Kigoma, picha gazetini ni ileile: viongozi mbele ya boneti, utepe umekatwa, ufunguo unapokelewa. Mlango wa nyuma haufunguliwi, na huko ndiko mgonjwa analala.

Mimi ni muuguzi. Rufaa ya kutoka Kibondo hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200. Kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa na kuzimia hukoroma njia nzima, ndugu wakashukuru kwamba angalau amelala. Halali huyo. Ulimi umelegea, umerudi nyuma, unaziba koo. Likizibika kabisa, dakika nne tu zinatosha ubongo kuanza kuharibika. Mtungi wa oksijeni, ambao ndio kila mtu huuulizia, utasaidia nini kama hewa haina pa kupita?

Vinavyohitajika kwanza ni vitu vidogo. Mrija wa Guedel, wa tangu 1933, ni plastiki iliyopinda tu: unaupima kuanzia pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, unauingiza, ulimi unazuiwa usirudi nyuma. (Mwenye fahamu asiwekewe, atatapika.) Ambu, ule mfuko wa kubinya ili kumpulizia hewa asiyepumua, uliotoka Denmark 1956, haidai umeme wala mtungi. Mashine ya kunyonya damu na matapishi ipo hata ya kukanyaga kwa mguu.

Laringoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia koo ili kupitisha mrija wa hewa, ndiyo inayoniudhi. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi tuliitoa kabatini usiku, mgonjwa anabadilika rangi, tukakuta betri zimevuja na kuota kutu ya kijani ndani ya mpini. Bamba lake lililopinda, la Macintosh, linatumika tangu 1943 na bado ni zuri. Sisi tulikosa betri za tochi. Sasa nasikia tuletewe zenye kamera. Zije, sikatai, ila kamera nayo inataka chaji.

Ombi langu kwa waandishi wako: siku ya makabidhiano mwombeni mganga mkuu afungue droo. Ambu ziwe tatu, ya mtu mzima, ya mtoto na ya kichanga. Mirija iwe ya saizi zote. Laringoskopu iwashwe taa hapohapo, na atajwe nani ataikagua kila zamu inapoanza.

Muuguzi,
Kigoma Ujiji