Mama, njaa siijui

Mama, shikamoo. Na Baba shikamoo zake. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu.

Nasikia ile picha niliyotuma, inayoonyesha nilivyopungua, imezua maneno. Shangazi anauliza kama naumwa, na wewe umemuuliza mdogo wangu pembeni kama huku nalala njaa. Siumwi, Mama, na njaa siijui. Nakula vizuri kuliko mwaka ule nilipofika, kilichobadilika ni sahani. Nusu yake mboga, robo maharagwe, samaki au mayai, robo iliyobaki wali au viazi. Napima kwa macho tu, kalori sihesabu. Nikitamani kitu kitamu nakula, ila si kila usiku.

Hapa kazini kila mtu ana dawa yake ya unene. Mmoja alinishauri niache wanga kabisa, eti wiki moja tu nitaona. Kuona mtu ataona kweli, maana uzito hushuka haraka, lakini sehemu kubwa ya kinachotoka mwanzoni ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takribani gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji nayo yanaondoka. Siku mtu anaporudia wali, mizani inapanda tena, basi anaanza kulia kwamba mwili wake umerogwa. Mimi nilimsikiliza, nikamshukuru, nikaenda kula.

Mazoezi nafanyia chumbani. Nasimama nikiwa nimekipa kiti mgongo, mikono nimeinyoosha mbele, nashuka polepole mpaka nikiguse kidogo tu, halafu nainuka bila kushika kitu. Visigino havinyanyuki. Mwanzoni mapaja yalikuwa yanatetemeka hadi naona aibu peke yangu. Siku hizi nashika chupa ya maji kila mkono. Baada ya hapo pushapu, nazo naanzia ukutani siku nikiwa nimechoka. Siku nyingine natembea kwa haraka, ile haraka ambayo mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na siku 2 au zaidi za kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5, si jambo la kumtoa mtu roho. Zile hatua 10,000 wanazoshindania watu kwenye simu hazikutoka kwa daktari; zilianza na biashara ya kifaa cha kuhesabu hatua huko Japani mwaka 1965.

Na napumzika, Mama. Misuli hujengeka ukiwa umelala na umekula, si wakati unahema. Wapo wanaojipiga mazoezi kila siku kana kwamba wanatumikia adhabu ya chakula cha jana. Wananichosha hata kuwatazama.

Sasa Baba. Mdogo wangu kanieleza kuhusu presha yake, na kwamba naye anataka kuanza mazoezi. Nimefurahi sana, ila dawa asiache hata siku moja, na kabla ya kuanza amuulize daktari wake. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, na hapo imo ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na vitu vya makopo. Kwa hiyo kopo la chumvi liondoke mezani, libaki jikoni kwako. Najua atanuna. Aanze na kutembea, hata dakika 10, aongeze taratibu. Akifika kwenye zoezi la kiti, asibane pumzi, kwa sababu kubana pumzi huku mtu anajikaza kunapandisha presha palepale. Atoe pumzi anapoinuka. Kiti kiegemezwe ukutani kisije kikamteleza, na siku za mwanzo uwe karibu naye, hata kama atasema hahitaji mlinzi.

Nitapiga simu Jumapili jioni. Wasalimie wote.

Mwanao