Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla hujafunga vituo vidogo, vimepimwaje?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mtu wa takwimu tu, kazi yangu kujaza ripoti ya mwezi, na hii ishu ya kufunga vituo "visivyo na ufanisi" imenikaa kooni mpaka nimeona bora niandike. Kinachotumika kuhukumu ni kipimo kimoja, asilimia ya vitanda vyenye wagonjwa. Sasa chukua wodi mbili, kila moja vitanda 10, mwezi wa siku 30 zote zimejaa asilimia 80, kwenye ripoti ni mapacha kabisa. Lakini moja mgonjwa analala siku 8, nyingine siku 4 karuhusiwa, kwa hiyo ya kwanza imehudumia watu 30 na ya pili 60! Na huenda ile ya kwanza wagonjwa wanalala tu wakisubiri majibu ya maabara, yaani uzembe unaipa maksi nzuri. Mtafiti Pabón Lasso tangu 1986 aliweka kwenye mchoro mmoja ujazo wa vitanda na idadi ya wagonjwa wanaopita kila kitanda, na siku za kulala unazisoma humohumo. Hata kompyuta haihitaji.

Halafu ukubwa, na hapa ndo pana utamu. Kuna njia ya hesabu inaitwa DEA (Data Envelopment Analysis), inakilinganisha kituo na wale wanaofanya vizuri kuliko wote, sio na wastani. Ni wazo la mchumi Farrell la 1957, Charnes, Cooper na Rhodes wakaliwekea hesabu 1978, na 1984 Banker na wenzake wakatenganisha vitu viwili: kituo kinafanya kazi vibaya, au ukubwa wake ndo haufai. Tuseme alama ya juu ni 1, na kituo kimepata 0.6 kikishindanishwa na wote, ila kwa wenye ukubwa kama wake kina 0.9. Gawanya, unapata 0.67 hivi. Hiyo ndo sehemu ya ukubwa, na mkuu wa kituo utamlaumu bure, hawezi kuzaa wagonjwa. Cha kumuuliza ni ile 0.1 iliyopungua, kwamba kapata 0.9 badala ya 1.

Na ukubwa sio dawa siku zote, tafiti nyingi za hospitali zinaona vitanda 200 hadi 300 ndo panakaa vizuri, ukivuka 600 gharama zinaanza kupanda tena.

Sasa fikiria usiku, wodi ya wazazi, nesi mmoja anapanga gloves na hakuna mjamzito hata mmoja. Kwenye hesabu huyo ni hasara. Saa nane anaingia mama uchungu umeshakolea, nusu saa mtoto analia. Kwenye ripoti yangu ni namba 1, basi.

Ombi langu, hizo alama zote mbili, ya utendaji na ya ukubwa, zitolewe kwa kila kituo kabla ya kufunga chochote. Na kituo kikifungwa, nauli ya yule mama na masaa yake barabarani tuandike wapi? Fomu nazijaza mimi mheshimiwa, sijaona sehemu yake.