Fundi wa simu asiondoke kabla hajajaribu laini za nje

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee simu za maofisini, maana watu wanapoteza wateja na hawajui shida iko wapi.

Ofisi ikinunua swichibodi, yaani mtambo wa kugawa simu za ofisi, macho yote yanakwenda kwenye eksitensheni, zile simu za ndani, ya bosi ikae wapi, ya mapokezi iwe na vitufe vingapi, halafu laini za nje zinachomekwa mwishoni harakaharaka fundi keshafunga begi. Na matatizo mazito yako hapohapo, pale laini ya kampuni ya simu inapokutana na mtambo.

Kwanza soketi. Mitambo mingi ina zilizoandikwa FXO na FXS, kwa macho zinafanana kabisa na plagi inaingia kote. FXO ndio ya laini ya nje, ambayo inakuja na umeme wake wa volti 48 hivi, FXS yenyewe inatoa umeme kwenda kwenye simu ya mezani. Ukichomeka laini ya nje kwenye FXS umegonganisha umeme kwa umeme, na simu ikiita ndio balaa kabisa kwa sababu mlio unakuja na volti zinazoweza kufika 90, kadi ya mtambo yenye soketi hiyo inaweza kuungua palepale.

Ila kinachoniuma zaidi ni laini kung'ang'ania. Aliyepiga kashakata zamani, mtambo haujui, laini inabaki imeshikwa na wateja wengine wanapata bize tu, ndani ya ofisi watu wamekaa wanasema leo biashara imelala! Mtambo unasubiri ishara kutoka ekschenji, yaani kituo cha kampuni ya simu: umeme wa laini ukatike kidogo, au chanya na hasi zigeuke, au isikike toni ya bize, na toni hiyo inatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mtambo ukiachwa na setingi za kiwandani unaweza kuisikia na usiitambue. Kuna ofisi nimekuta karatasi ukutani, mlinzi azime na kuwasha mtambo kila asubuhi. Jamani hiyo sio dawa, dawa ni kuuseti.

Na kuupima ni rahisi. Piga kwa simu ya mkononi, ipokelewe ofisini, ukate wewe uliyepiga, halafu uangalie kama taa ya laini inazima baada ya sekunde chache. Kila laini ijaribiwe kwa namba yake, sio ya kwanza tu.

Kinga ya radi nayo bila waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, ni pambo, hilo sina haja ya kulirefusha.

Umeme ukikatika je? Kama laini ni ya waya wa shaba, mitambo mingi inaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye simu moja ya kawaida, ikafanya kazi kwa umeme wa ekschenji, lakini lazima simu hiyo iungwe kwenye soketi yake maalumu, na mara nyingi haiungwi. Na namba za dharura zipigike bila kubonyeza kwanza 9 ya kutafuta laini ya nje, mgeni aliyeshtuka hakumbuki mambo ya 9.

Wenye ofisi naombeni msisaini malipo mpaka haya yafanyike mbele yenu, na ndani ya mlango wa boksi la waya za simu ibandikwe karatasi inayoonyesha jozi ipi ya waya ni namba ipi, fundi mwingine akija asianze kukatakata.

Fundi simu