Kwa Athman, juu ya kubeba mazingira ya kazi

Langoni, Lamu

Ndugu yangu Athman,

Assalamu alaikum. Umeuliza vipi mazingira yako ya kuandikia programu yakufuate, leo uko Malindi, kesho umevuka Mokowe na kompyuta nyingine. Tenga vitu viwili: imeji ya Docker (kifurushi cha mfumo na programu zake, kikiendeshwa huitwa kontena) ibebe zana, na hifadhi ya Git (inayotunza faili na mabadiliko yake) ibebe faili zako za mipangilio.

Dockerfile, faili ya maelekezo ya kujenga imeji, ianze na debian:bookworm-slim, yaani mfumo wa Debian 12. Zana kama git, tmux, neovim na stow ziandike mwanzo, vinavyobadilika kila siku vije mwisho. Docker hujenga tabaka kwa tabaka. Likibadilika moja, yote yanayolifuata hujengwa upya. Ukiweka COPY (amri ya kunakili) ya .bashrc, faili ya mipangilio ya bash, kabla ya apt-get install inayosakinisha vifurushi, herufi moja ukiigusa vifurushi vyote vinapakuliwa tena, na bando limekwenda. Tena apt-get update na apt-get install ziwe katika RUN moja, yaani amri moja ya kuendesha wakati wa kujenga. Ukizitenga, orodha ya zamani ya vifurushi hubaki kwenye akiba, na siku ukiongeza kifurushi utapata kosa la 404, yaani hakipatikani.

Mipangilio usiitie ndani ya imeji kabisa. Iingize kutoka nje:

docker run -it -v "$HOME/mipangilio:/home/dev/mipangilio" kazi

Hapo kazi ni jina la imeji yako. Kisha ndani ya saraka hiyo ya mipangilio, andika stow bash tmux (bash na tmux ni saraka ndogo zilizomo). Stow huweka viungo vinavyoelekeza kwenye faili hizo katika saraka ya juu yake, yaani makao ya dev, mtumiaji wa ndani ya kontena. Itagoma ikikuta .bashrc iliyoletwa na useradd -m, ifute kwanza.

Namba ya mtumiaji ndiyo inayosumbua wengi. Tazama id -u kwenye Linux yako, na namba hiyohiyo umpe dev kwa useradd -u. Zikitofautiana, kontena litakataliwa kuandika kwenye faili zako. Na ukikimbilia root, mtumiaji mkuu wa mfumo, faili mpya utakazounda zitakuwa mali ya root.

Ufunguo wa SSH (wa kuingilia kompyuta za mbali), nakusihi, usiunakili kwenye imeji. Hata ukiufuta kwa rm katika tabaka la baadaye, lile la kwanza bado linao.

Kusafirisha bila intaneti: docker save kazi | gzip > kazi.tar.gz, utie kwenye flashi, upande wa pili docker load -i kazi.tar.gz. Usitumie docker export, inapoteza ENV na CMD (vigezo vya mazingira na amri ya kuanzia). Flashi ya FAT32 haipokei faili ya GB 4 au zaidi.

Ukikwama, nitumie Dockerfile nzima pamoja na kosa lenyewe.

Wasalaam,
Swaleh