Tochi isiyopenya maji nayo inahitaji grisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wavuvi, walinzi na wengine wanaotegemea tochi za alumini usiku kwamba ahadi ya kutopenya maji iliyoandikwa kwenye boksi hubebwa na kitu kidogo sana, nacho ni oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaokaa kwenye mfereji wake karibu na hesi za kifuniko, yaani mikunjo ya kukifungia kwa kuzungusha. Mpira huo ukikauka au ukikatika, tochi ya bei kubwa haina tofauti na ya bei ndogo mbele ya maji ya bahari.

Tochi nyingi zinazoletwa kwetu mafundi wa pwani zikidaiwa kufa balbu huwa na ugonjwa wa hesi tu. Chumvi ikikaa juu ya alumini huzalisha unga mweupe unaokwamisha kifuniko, na kwa kuwa katika tochi nyingi za aina hii mkondo wa umeme hupita kwenye bomba lenyewe, unga huo ukifunika ukingo wa bomba mwanga huanza kucheza, naye mwenye tochi hukimbilia kununua betri mpya.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni tabia ya kupaka chochote kilicho karibu. Mafuta ya kupikia yakikaa muda mrefu hunata, na dawa za kupuliza za kulegeza kutu huondoa hata grisi iliyokuwepo. Vaselini ina utetezi wake, maana mpira wa nitrili, aina moja ya mpira wa oringi, huistahimili. Lakini mpira wa EPDM, aina nyingine ya mpira wa oringi, huvimba na kulegea ukiguswa na mafuta yatokanayo na petroli, vaselini ikiwemo, na kwa macho si rahisi kuitofautisha, kwani kwa kawaida yote miwili ni myeusi. Ndiyo maana nashauri grisi ya silikoni, ileile wanayotumia wazamiaji kwenye taa zao, ambayo haidhuru mpira wowote kati ya hiyo miwili. Haifai tu pale oringi yenyewe inapokuwa ya silikoni.

Kabla ya kufungua tochi iliyotoka baharini, isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa bado imefungwa, kisha ikaushwe. Oringi itolewe kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano, na hesi zisuguliwe kwa mswaki mkuukuu. Grisi ya kiasi cha punje ya mchele inatosha oringi na hesi zote. Ikizidi hukusanya mchanga, na mchanga huo hula hesi kila kifuniko kinapozungushwa. Ukingo wa bomba unaopitisha umeme ufutwe ubaki mkavu. Wakati wa kufunga, kifuniko kizungushwe kwanza kinyumenyume mpaka kisikike kimekaa, ndipo kikazwe, ili hesi zisipandane.

Oringi iliyopasuka haiponi kwa grisi yoyote, na hapa nina neno kwa wafanyabiashara. Kupata oringi ya tochi madukani ni kazi ngumu kuliko kupata tochi yenyewe. Waagizaji waweke walau oringi mbili za akiba ndani ya kila boksi, na waandike zimetengenezwa kwa mpira wa aina gani.

Msomaji wenu,
Fundi, Bagamoyo